Blanketi la Mashine Namba Saba

Maiti ya Lwitiko ilikuwa imekwishatoka kwenye geti la kiwanda, imefika katikati ya daraja la Ikondo, ndipo msafara wa Waziri ulipotokea upande wa pili. Daraja lile ni jembamba, la gari moja. Katika Jamhuri ya Kwangulu sheria iko wazi: msafara wa Waziri haurudi nyuma, kwa sababu Taifa halirudi nyuma. Na kwa mila za Ikondo maiti nayo hairudi nyuma, kwa sababu ikirudi mara moja itaizoea njia.

Basi wakasimama. Maiti huku, ving'ora kule, mto chini unapita zake.

Sikitu, mjane wake, naye mfumaji wa kiwanda hicho hicho, alikuwa nyuma ya machela, kajifunga kaniki. Alimwona askari akishuka kwenye pikipiki, akautazama umati, akaitazama machela, akatabasamu kama mtu aliyepunguziwa kazi.

"Nyinyi ndio wananchi wa kumpokea Mheshimiwa? Mbona hamna bendera?"

"Tuko msibani, baba," Sikitu akamjibu.

"Pole sana, mama. Lakini mko wengi."

Zikagawiwa bendera ndogo za karatasi. Waliokuwa wameishika machela mikono yao haikuwa na nafasi, kwa hiyo bendera yao ikachomekwa kichwani pa marehemu. Ngwale, mtani wa Lwitiko, alisogea. Huyu Ngwale alikuwa mfumaji wa mashine namba nane, mwembamba, kifua chake kimejaa vumbi la sufu, na kwa haki ya utani aliruhusiwa kumtukana marehemu mpaka mchanga wa mwisho.

"Lwitiko we!" akasema kwa sauti. "Mvivu wewe, hata kuzikwa unasubiri usukumwe! Haya, mpokee Waziri. Hapa ni wewe peke yako uliyevaa vizuri."

Wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka. Sikitu naye alicheka, ndivyo utani unavyotakiwa kufanya.

Waziri, Mheshimiwa Ndimbwelu, alichomoza kwenye tundu la paa la gari lake, nusu mtu nusu gari.

"Ndugu wananchi wa Ikondo! Nimetoka mji mkuu kuwaletea neno. Neno lenyewe ni refu, lakini msiliogope. Neno ni Ubinafsishaji! Wahenga walisema, ng'ombe wa wote hana mchungaji."

"Wahenga gani hao?" Ngwale akanong'ona. "Wa Wizarani labda."

"Maana yake ni hii: kitu kilicho cha wote apewe mmoja, ili wote wakifaidi vizuri zaidi. Kiwanda chenu hiki cha mablanketi ni cha wote, ndiyo maana hakina mwenyewe. Sasa kimepata mwenyewe!"

Askari akapiga makofi, umati ukafuata. Ngwale akanyoosha mkono wenye bendera.

"Mheshimiwa, na huyo mmoja akikataa kutufaidisha?"

Waziri alimtazama kwa upendo. "Swali zuri sana. Lakini hilo ni swali la Matumizi. Mimi nashughulika na Maana. Matumizi atakuja nayo Naibu wangu."

Na ilikuwa kweli. Wizara ilikuwa na ofisi mbili, Maana na Matumizi, na baina yao fundi alisahau kuweka mlango.

Hotuba ikaisha, magari yanataka kupita. Wabebaji wakainyanyua machela juu ya ukingo wa daraja, wakaishikilia ikaning'inia juu ya maji huku magari yakipita moja moja, polepole, ili Mheshimiwa apate kupunga mkono. Jioni redio ya taifa ikatangaza kwamba Ikondo nzima ilimlaki Waziri, na hata wasiojiweza walibebwa wakaletwa.

*

Ikondo ni mji wa baridi. Ukungu hushuka kule tangu alasiri, na mtu asiye na blanketi hahesabiwi kuwa na nyumba. Kiwanda kilijengwa na serikali ile ya zamani, iliyopenda kujenga vitu kisha kuviimbia nyimbo, na mablanketi yake yalikuwa ya rangi moja tu, kijivu chenye mstari mwekundu. Yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, lakini joto lake ni la mama.

Wafumaji walikuwa na desturi zao, ambazo hakuna meneja aliyezifundisha wala aliyethubutu kuzizuia. Ya kwanza: mashine haiachwi uchi. Ukishafunga pindo la blanketi moja, hapo hapo unaanza jingine, upana wa kiganja, ndipo uende nyumbani. Ya pili: mfumaji akifa, blanketi aliloliacha nusu wenzake hulimalizia kwa zamu, bila umeme, kwa kulizungusha lile gurudumu la mkono. Likimalizika linakunjwa, linawekwa, na mfumaji wa kiwanda atakayefuata kufa ndiye huzikwa nalo. Kwa hiyo kila mmoja alizikwa na kazi ya aliyemtangulia, na kila mmoja alimwachia mwenzake kazi. Lwitiko alikuwa amezikwa na blanketi la Bibi Nsajigwa wa mashine namba mbili. La kwake mwenyewe lilibaki pale namba saba, nusu.

Na lisipomaliziwa? Wazee walikuwa na jibu fupi: mwenyewe harudi nyumbani, wala haendi. Anabaki kazini.

Ngwale alikwishajichagulia. "Hilo la namba saba ni langu, shemeji," alimwambia Sikitu siku ya kuanua matanga, kisha akakohoa mpaka macho yakamtoka. "Mlimalizie vizuri. Lwitiko alikuwa anabana sana uzi, msije mkanilegezea."

"Utazikwa na gunia wewe," Sikitu akamjibu. "Blanketi la mume wangu haliwezi kulala na mtu anayekoroma."

Walipangana waanze Jumatatu. Sikitu ndiye angeanza, mjane huanza. Jumatatu ile ile Matumizi yakafika.

*

Naibu Waziri Chogo hakuja na hotuba. Alikuja na sanduku la makufuli.

Alikuja pia na Mwekezaji, au tuseme na koti lake. Koti la suti, la buluu, limetundikwa kwenye mgongo wa kiti cha kuzunguka, na kiti kikashushwa garini na watu wawili kikawekwa kwenye kivuli. Wafumaji wakaambiwa wapange mstari walisalimie.

"Mwenyewe yuko wapi?" Sikitu akauliza.

"Anakuja," akasema Naibu. "Ametangulia kwa koti."

Wakalisalimia. Watu wa Ikondo wana adabu; mzee mmoja hata aliliuliza habari za watoto. Naibu alikuwa akiinama mara kwa mara pale ambapo pangekuwa na sikio, akisikiliza, akitikisa kichwa, kisha akitoa amri. Kwa kila amri kufuli moja lilifungwa. Mlango wa sufu, kufuli. Mlango wa rangi, kufuli. Wafumaji wakatolewa nje wamesimama uani, na pumzi zao zinafuka moshi.

"Ndugu zangu," akasema Naibu, "Maana mlishaelezwa. Haya sasa ndiyo Matumizi."

Sikitu akatoka mstarini. "Mheshimiwa Naibu, mimi sina ugomvi na neno lenu. Naomba siku chache tu niingie pale namba saba. Kuna blanketi la marehemu mume wangu, limebaki nusu."

"Nusu ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Uzi wa nani?"

"Wa kiwanda."

"Kiwanda cha nani?"

Sikitu alikitazama kiti. Upepo uliinua mkono mmoja wa lile koti, ukaushusha.

"Mama, hiyo nusu imeuzwa," Naibu akasema kwa upole. "Na ile nusu nyingine, ambayo haijafumwa, nayo imeuzwa. Mwekezaji amenunua mpaka yajayo."

"Na mume wangu?"

"Huyo mmeshamzika."

"Hajaondoka," Sikitu akasema.

Naibu aliinama kwenye koti, akasikiliza kwa muda. "Mwekezaji anasema pole."

Kufuli la mwisho likafungwa. Kiti kikapandishwa garini.

*

Mlio ulianza adhuhuri moja, jua likiwaka vizuri, watu wako sokoni wanapunguziana bei ya viazi. Kwanza walidhani ni mtu anatwanga. Kwatu, kwatu, kimya. Kwatu, kwatu, kimya. Muuza viazi akashusha mizani yake. Mlio ulitoka kiwandani, na kiwandani umeme ulikuwa umekatwa.

Sikitu alikuwa amechutama anachagua vitunguu. Hakuuliza mtu. Lwitiko alikuwa na mguu wa kushoto mfupi, na tangu ujana, akiwa mashineni, alikuwa akikosa pigo la tatu. Kina mama wakamwona anasimama, anaviacha vitunguu pale, anatembea kwenda kiwandani kama mtu aliyeitwa.

Getini palikuwa na mlinzi wa kampuni, Mpoki, kijana wa watu, meno yanamgongana.

"Mama, humo ndani kuna mtu anafanya kazi."

"Namjua. Nipishe nimwone."

"Nikikupisha nafukuzwa."

"Na usiponipisha?"

Mpoki alifikiri. Kwatu, kwatu, kimya. Akampisha mpaka dirishani, akageuka kutazama mlima.

Kioo kilikuwa na vumbi. Sikitu akafuta kwa kanga. Mashine zote zimelala, ila namba saba. Gurudumu la mkono linazunguka, lile chanuo la kubania uzi linakuja na kurudi, linakuja na kurudi, kwa nguvu, kama alivyokuwa akilibana yeye. Lakini kigari cha uzi, kile kinachorushwa huku na huku kuupitisha uzi, kilikuwa kimetulia mahali pake. Hakikurushwa hata mara moja. Lwitiko alikuwa anabana pasipo na uzi. Blanketi halikuongezeka hata unywele.

"Pumzika, baba," Sikitu akasema kwenye kioo. "Nakuja."

Pale mbele ya midomo yake kioo kiliganda barafu, upande wa ndani.

*

Mwekezaji alilalamika. Yaani koti lilirudishwa Ikondo, kiti chake kikawekwa kumi na moja jioni mbele ya geti, na Naibu akatangaza kwamba Mwekezaji alinunua kiwanda kitupu, na sasa amekikuta na mfanyakazi. Hilo halikuwamo katika mapatano. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kelele. Tume ilikaa katika hoteli ya mji mwingine, ambako kelele haikufika, ili isishawishike. Ikaamua hivi: marehemu Lwitiko alikufa akiwa mtumishi wa umma, na katika shamrashamra za msiba hakuna aliyekumbuka kumstaafisha. Kwa hiyo bado yuko kazini kihalali. Dawa ni kumpunguza.

Ikondo iliona mengi, lakini sherehe ya kumpunguza kazi maiti ilikuwa ya kwanza. Zulia jekundu likatandikwa kuanzia getini mpaka namba saba. Bendi ya polisi ikaja. Wafumaji wakaruhusiwa kuingia, wasimame ukutani, wasiguse kitu. Sikitu akawekwa mbele kama familia.

Mlio ulikuwa unaendelea. Waziri Ndimbwelu aliongea juu yake, akipandisha sauti.

"Ndugu marehemu! Serikali inakushukuru kwa utumishi uliotukuka, hasa huu wa kipindi cha baada ya kufa, ambao wengi walio hai hawajaufikia. Lakini dunia imebadilika. Taifa haliwezi kubeba wafanyakazi wasiohitajika. Kuanzia leo uko huru. Jiajiri! Lima! Fuga kuku!"

"Atafuga wapi?" Ngwale akamnong'oneza Sikitu. "Mimi nilimwona alivyozikwa, pale hata kifaranga hageuki."

"Kaa kimya, nitacheka."

"Cheka. Akikusikia labda atakosea pigo."

Sherehe za kustaafisha katika nchi ile humalizikia kwa mkono. Waziri humpa mkono mstaafu, wapiga picha wanapiga, basi. Waziri Ndimbwelu akapanda kwenye kibao cha kukanyagia cha namba saba, akatabasamu upande wa kamera, akanyoosha mkono kwenye hewa tupu.

Mlio ukakoma.

Waziri alitaka kuurudisha mkono wake. Haukurudi. Akavuta kidogo, bado anatabasamu. Akavuta tena, kiatu kikateleza kwenye kibao. Bendi ilidhani ndiyo ishara, ikapiga wimbo wa taifa, na watu wote wakalazimika kusimama wima wakimtazama Waziri akivutana na hewa. Beti zote ziliimbwa. Wimbo ulipokwisha mkono uliachiliwa ghafla, Waziri akaangukia zulia, na vidole vyake vitano vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

Kisha kwatu, kwatu, kimya.

"Ameukataa ustaafu," akasema Ngwale.

*

Mkono ule haukupata moto tena. Waziri aliutia kwenye maji ya moto, maji yakapoa. Akaulalia, ubavu ukafa ganzi. Akanunuliwa mablanketi ya nje yenye picha ya chui, laini kama maneno ya kampeni; alijifunika hata manane, chui juu ya chui, na chini yake akawa anatetemeka. Baridi ikapanda kwenye kiwiko, ikafika begani. Mpishi wake, aliyezaliwa Ikondo, ndiye aliyemwambia, bila kuulizwa sana: baridi ya kule huondolewa na blanketi la kule.

Katika nchi nzima likatafutwa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Lakini soko lilikuwa limefanya kazi yake. Yaliyokuwepo yalichakaa, mengine yamekatwa matambara ya kupigia deki. Lililobaki lilikuwa moja, na lilikuwa nusu.

Akaletwa Ikondo amefungwa mashuka, anabebwa. Daraja alilivuka kwenye machela. Kufuli likafunguliwa mbele ya koti, baada ya Naibu kuinama na kusikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Sikitu aliitwa asubuhi. Alikuja na Ngwale.

"Bibi," akasema Waziri, midomo ya buluu, "malizia."

"Nitamalizia, Mheshimiwa. Nilikuwa naomba hivyo tangu mwanzo. Lakini nikuambie mbele za watu, nisije nikalaumiwa. Hili ni blanketi la kuzikia. Anayejifunika nalo ndiye atakayezikwa nalo. Zamu ni ya Ngwale huyu, kifua chake kimekwisha. Si lako."

Waziri alicheka, na hata katika hali ile hotuba ilimjia. "Zamu! Hayo ndiyo tuliyoyaondoa. Kitu cha zamu ni kitu cha wote, na kitu cha wote apewe mmoja. Hiyo ndiyo Maana."

"Na Matumizi?" akauliza Ngwale.

"Nipeni blanketi."

Sikitu akakaa. Akatia mkono kwenye gurudumu, na gurudumu likawa jepesi, kama kuna mwingine analishika. Akarusha kigari. Chanuo likaja lenyewe, likabana. Kwatu. Akarusha. Kwatu. Akarusha, na kabla ya pigo la tatu alisubiri, kama alivyokuwa akimsubiri njiani miaka yote walipotembea pamoja. Mpoki kwenye mlango alivua kofia. Ilipofika alasiri blanketi lilikuwa limejaa, mstari mwekundu umekutana na mwenziwe, na Sikitu akafunga pindo.

Hapo akasikia kama mtu anayenyanyuka kwenye benchi karibu naye, ananyoosha mguu mbovu kwanza. Sauti ya kiatu na nusu kiatu ikapita kati ya mashine, ikapita getini. Joto la kawaida likarudi chumbani.

Sikitu alikuwa analia, na mikono yake, isiyojua kulia, iliendelea. Ilirusha uzi, ikabana, ikarusha. Upana wa kiganja. Ndivyo ilivyokuwa imefanya maisha yake yote, mashine haiachwi uchi. Aliposhtuka, kile kipande cha kijivu kilikuwa tayari kiko pale namba saba, kipya, kimeanza.

Ngwale alikiona. Utani wote ulimtoka usoni.

"Shemeji. Umefanya nini?"

Sikitu alikitazama. Naibu alikuwa anakata blanketi mashineni, anamkimbizia Waziri. Waziri akajifunika, akashusha pumzi, rangi ikamrudia shavuni. "Ah," akasema. "Joto."

"Niacheni nikifumue," Sikitu akasema.

Naibu aliinama kwenye koti. "Mwekezaji anasema uzi ule ni wake."

Wakatolewa nje. Kufuli likafungwa.

*

Mheshimiwa Ndimbwelu alifariki wiki ile ile, njiani kurudi mji mkuu, akiwa na joto zuri. Alizikwa na blanketi lile. Mikono yake haikukubali kuliachia. Redio ilisema alilitumikia neno mpaka mwisho. Hakuacha kazi yoyote nusu, kwa kuwa hakuwa ameanza yoyote kwa mkono wake.

Naibu Chogo alipandishwa cheo akapewa Maana. Nafasi ya Matumizi haijajazwa. Neno lenyewe limeingizwa katika kamusi ya taifa: maana yake imeandikwa, na panapotakiwa mfano wa matumizi pameachwa wazi.

Mpoki aliacha ulinzi. Anauza mablanketi ya chui.

Koti limenunua reli.

Ngwale hakufa. Anasema Waziri aliinunua zamu yake, na risiti hakupewa. Bado anakohoa.

Sikitu alifariki mvua za mwanzo zilipoanza. Blanketi halikuwepo, akazikwa na kanga mbili, na Ngwale alipaswa kumtania njia nzima lakini hakupata la kusema.

Kiwanda ni hoteli sasa. Mashine ziliuzwa chuma chakavu, isipokuwa namba saba, iliyowekwa mapokezi kama pambo, na kile kipande cha upana wa kiganja kimo ndani yake. Kuna kamba nyekundu na kibao: Usiguse. Ngwale aliomba akimalizie, akaambiwa aandike barua kwa Mwekezaji.

Mchana wageni husikia mlio. Kwatu, kwatu, kwatu. Haukosi pigo. Wanaolalamika hupewa pamba za masikio, bure.